Upasuaji wa Glaukoma Haukomei Chumba cha Upasuaji

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jicho lenye glaukoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, hekima hiyo hugeuka. Upo upenyo mmoja ambao daktari huufungua kwa makusudi, na usalama wa jicho hutegemea upenyo huo kubaki wazi. Kovu likiuziba, shinikizo hupanda tena, neva ya jicho huendelea kufa, na uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Upasuaji huo huitwa trabekulektomi, nao ulitangazwa na John Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1968. Daktari hufungua njia ndogo katika weupe wa jicho, chini ya kope la juu, ili majimaji ya ndani yatoke, yakusanyike chini ya utando laini na kufyonzwa taratibu. Lakini mwili haujui kwamba njia hiyo imewekwa kwa faida yake. Huiona kuwa jeraha, na huanza kuifunga kama unavyofunga mguu uliokatwa na jembe. Hatari ya kovu ni kubwa zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, vijana, waliowahi kufanyiwa upasuaji mwingine wa jicho, na waliotumia matone ya glaukoma kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, wakati wa upasuaji daktari huweza kupaka mitomaisini au fluorourasili kwa dakika chache, kisha kuisafisha kwa maji mengi. Mgonjwa asishtuke akisikia kwamba dawa hizi hutumika pia kutibu saratani. Hapa kazi yake ni kupunguza kasi ya chembe zinazotengeneza kovu. Hata hivyo, zikizidi, shinikizo huweza kushuka mno au utando ukawa mwembamba na kuvuja. Haziwezi, basi, kuchukua nafasi ya uangalizi.

Uangalizi huo ndio unaopuuzwa. Wiki za mwanzo ndizo ambazo kovu hujengeka kwa nguvu, na ndizo ambazo daktari bado ana uwezo wa kulizuia. Anaweza kulegeza uzi iwapo maji hayatoki vizuri, kuchoma sindano ya fluorourasili chini ya utando, au kuongeza matone ya steroidi yanayotuliza uvimbe. Miezi michache baadaye, kulegeza uzi hakusaidii tena, kwa kuwa jeraha limekwisha kushikana. Mgonjwa naye hana dalili ya kumwonya: shinikizo hupanda bila maumivu, na jicho hutazamika zima.

Ni makosa, kwa hiyo, kuyahesabu mahudhurio ya baada ya upasuaji kuwa jambo la hiari. Mahudhurio hayo ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Hospitali inayompasua mgonjwa kisha ikamwachia nauli, ada ya kila hudhurio na chupa moja ya matone itakayokwisha kabla ya muda, imefanya nusu ya kazi. Gharama za uangalizi wa miezi ya mwanzo hazina budi kujumuishwa katika gharama ya upasuaji, na tarehe za kurudi zipangwe kabla mgonjwa hajapanda kitanda. Anayetoka mbali aulizwe mapema atalala wapi na nani atamsindikiza.

Wapo watakaosema kwamba kliniki zimefurika na wataalamu ni wachache. Ni kweli. Lakini jicho lililoziba hurudi likihitaji upasuaji wa pili, ulio mgumu zaidi na wenye matumaini madogo zaidi, nao humlaza mtaalamu yuleyule katika kazi ileile. Uchache wa wataalamu ni sababu ya kuilinda kazi iliyokwisha kufanyika.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Matone ya steroidi yatumike kama yalivyoandikwa, hata jicho likionekana jeupe na tulivu. Yasikatizwe, wala yasiendelezwe kwa kununua dukani baada ya muda kwisha, maana kwa baadhi ya watu steroidi hupandisha shinikizo. Jicho lisisuguliwe wala kutiwa dawa za mitishamba. Likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au uoni ukififia, hata kama miaka imepita tangu upasuaji, aende hospitali siku hiyohiyo. Mhudumu wa zahanati atakayempokea asimpe matone ya macho mekundu na kumrudisha nyumbani; ampe rufaa ya haraka.

Swali la kwanza kwa anayeandaliwa upasuaji wa glaukoma lisiwe tu kama yuko tayari kupasuliwa. Aulizwe pia kama ameandaliwa njia ya kurudi wiki ijayo, na wiki itakayofuata. Jibu likiwa hapana, walio na wajibu wa kulitafutia ufumbuzi, kabla kisu hakijashikwa, ni wale wanaomuuliza.