Fundi, soma kwanza ndipo ubadilishe

Jamani, hii tabia ya mafundi wetu wa Changamwe na Kisauni yanichosha. Corolla ya 1996 inawaka, inanguruma sekunde tatu, inazima. Boneti haijafunguliwa ushaambiwa: pampu ya mafuta. Unanunua pampu, inazima. Plagi, inazima. Na spea ikishafungwa, nani atairudisha dukani?

Kwetu sisi wa programu, ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo bila kusoma ujumbe wa hitilafu utachekwa. Na gari hiyo ina ujumbe! Chini ya boneti mna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, halafu hesabu taa ya injini inavyopepesa. Mara mbili, inatulia, mara mbili: hiyo 22, sensa ya joto la maji. Kompyuta ikidanganywa joto, petroli inayopimwa haiwi sawa. Gharama yake? Waya.

Taa isipotoa kosa, itazame gari yenyewe. Ukikanyaga mafuta haizimi? Acha pampu, anza na vali ya hewa ya silensa, huenda imejaa masizi. Inazima pale tu unapoachia ufunguo? Shuku swichi.

Mtanijibu kwamba fundi ana uzoefu wa miaka 20. Sawa, lakini mbona majaribio yake nalipia mimi? Kisha nizimikiwe kwenye foleni ya feri Likoni, nyuma yangu honi na matusi. Fundi anitajie namba kwanza, ndipo tuzungumze bei.