Usipime Mbolea Tu, Pima na Maji



Ukikata kachumbari, ukaitia chumvi na kuiacha kidogo, utaona maji chini ya bakuli. Hukuyatia wewe. Yametoka ndani ya nyanya na vitunguu. Chumvi imeyavuta.

Leo tuangalie jambo hilo, maana liliniaibisha nilipoanza kazi ya ubwana shamba.

Niliwaambia wakulima wa kijiji kimoja wayeyushe yurea kidogo katika ndoo ya maji ya lita 10, kisha wamwagilie miche ya kabichi kitaluni. Siku ya pili mzee mmoja aliniita. Miche yake ilikuwa imelala kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nikamwuliza, "Mzee, ulitia yurea kiasi gani?" Akanionyesha bakuli. Tulipima yurea ya bakuli hilo, ikawa kilo 1.

"Bwana shamba," alisema, "wewe ulisema kidogo. Mfuko una kilo 50. Kilo moja si kidogo?"

Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu. Kidogo si kipimo.

Tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mbele yake. Kilo 1 ni gramu 1,000. Maji ni lita 10. Gawanya 1,000 kwa 10, unapata 100. Kila lita ilikuwa na gramu 100 za yurea. Mimi nilitaka gramu 50 katika ndoo nzima. Gawanya 50 kwa 10, unapata gramu 5 kwa lita. Sasa gawanya 100 kwa 5. Maji ya mzee yalikuwa makali mara 20 kuliko nilivyotaka.

Lakini udongo ulikuwa umelowa. Kwa nini miche ilinyauka kwa kukosa maji?

Ngozi ya mzizi ni kama chujio la matundu madogo mno. Maji hupita upesi. Vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji havipiti upesi hivyo. Maji nayo yana tabia yake: hutoka upande wenye chembe chache zilizoyeyuka, yakaenda upande wenye chembe nyingi. Kwa kawaida chembe ni nyingi ndani ya mzizi, basi maji ya udongoni huingia. Ukimwaga mbolea kali, chembe nyingi zinakuwa nje. Maji yanatoka ndani ya mche kurudi udongoni. Mche unakauka huku umesimama kwenye maji.

Jaribu mwenyewe. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo. Kimoja kiweke katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Asubuhi vipinde kwa vidole. Cha maji matupu ni kigumu. Cha chumvi kimelegea kama ngozi.

Katika jambo hili kinachohesabiwa ni wingi wa chembe, si uzito peke yake. Chembe ya sukari ni kubwa na nzito. Ya chumvi ni nyepesi, tena ikiyeyuka inagawanyika mara mbili. Kwa hiyo gramu 29 za chumvi katika lita ya maji huvuta maji karibu sawa na gramu 342 za sukari. Yurea haigawanyiki, lakini nayo ni nyepesi: gramu 60 tu zinalingana na hizo 342 za sukari. (Akina mama husema maji ya chumvi huchelewa kuchemka. Ni kweli, lakini ni kidogo mno. Gramu 58 za chumvi katika lita 1 huongeza kama nyuzi 1 tu ya joto.)

Yule mzee alisia mbegu upya. Safari hii tulitumia kizibo cha soda, kilichosawazishwa kwa kidole. Hubeba mbolea kiasi cha gramu 5. Vizibo 10 kwa ndoo ya lita 10, jioni, kisha maji matupu ya kuosha majani. Kizibo chake alikifunga uzi akakitundika mlangoni mwa ghala, na wajukuu wakakatazwa kukichezea.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwani hesabu ni ile ile na hasara ni kubwa kuliko kabichi.

Mtoto akiharisha, zahanati hutoa pakiti ya dawa ya chumvi na sukari. Pakiti ya lita 1 ina gramu 20.5. Ukiichanganya katika nusu lita, kila lita inakuwa kama ina gramu 41. Ukiichanganya katika chupa ya soda ya mililita 300, ni zaidi ya gramu 68 kwa lita. Utumbo wa mtoto nao ni kama ule mzizi. Maji makali huvuta maji kutoka mwilini yaingie tumboni, na kuhara kunazidi. Chumvi katika damu nayo inaweza kuzidi. Pakiti za zamani zilikuwa na gramu 27.9 kwa lita. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mchanganyiko huu mwepesi zaidi. Wataalamu wamepunguza ukali, wewe usiurudishe kwa kupunguza maji.

Soma maandishi ya pakiti, maana nyingine ni za nusu lita. Chupa mbili za maji za mililita 500 ni lita 1 kamili. Kama pakiti hakuna, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Ukikosea, heri ukosee kwenye sukari kuliko kwenye chumvi. Umeona hesabu yake. Mpe mtoto kidogo kidogo, na umpeleke zahanati.

Maji yachemshe kwanza, yapoe, ndipo utie dawa. Ukichemsha baada ya kutia, maji yataondoka na mvuke na chumvi itabaki. Yanayobaki baada ya saa 24 mwaga, uchanganye mengine.