Enzi zao, enzi zetu: wa Cheche walikuwa wangapi?

Nilikuwa kimya kwa sababu ya UE. Sasa mitihani imepita, bumu nalo limeingia, kwa hiyo nina nguvu ya kubishana kidogo.

Kila mzee aliyesoma hapa Mlimani akipewa maiki, wimbo ni uleule: enzi zetu wanafunzi walisoma, waliandika, walibishana mpaka usiku wa manane, nyie wa sasa ni desa na simu tu. Tunapiga makofi, tunarudi hosteli tumenywea. Jamani, hadithi hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Na ile nusu inayorukwa ndiyo inayotufaa zaidi.

Tuanze na sifa zao. Mwaka 1967 ilizaliwa hapa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni. Jumapili asubuhi, wengine wakiwa bado wamelala, wao wana darasa la itikadi. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapa. Novemba 1969 wakatoa jarida, Cheche, jina walilolitoa kwenye Iskra ya Lenin na Spark ya Nkrumah. Humo ndimo lilimotoka andiko la Issa Shivji, "The Silent Class Struggle", mwaka 1970. Novemba mwaka huohuo jarida na USARF yenyewe vikapigwa marufuku. Uhai wa mwaka mmoja tu, na mpaka leo tunaongea habari zake!

Sasa swali langu: wahariri walikuwa wangapi? Watatu. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, yule aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Wao na wenzao wachache waliokuwa wakijitolea ndio waliokata stensili kwa taipureta, wakadurufu, wakapanga kurasa, wakabana pini, kisha wakaingia kuuza.

Na wengine je? Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo hikihiki waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya JKT, likiwemo la kukatwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu akawatimua karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Hiyo ni miaka mitatu tu kabla ya Cheche. Mwaka 1968 wapo waliong'ang'ania Rag Day, ile siku ya kuvaa matambara na kwenda mjini kuchangisha kwa ajili ya maskini, mchezo walioiga vyuo vya Uingereza. USARF wakaivuruga. Kwa hiyo wadau, wengi wa enzi zile walikuwa kama sisi tu: cheti, mshahara, starehe. Chuo kizima hakikuwa kinaandika. Waliandika wachache, na leo kila aliyekuwepo anajihesabu miongoni mwao.

Lingine. Cheche, jina Kiswahili, ndani karibu yote Kiingereza. Mwaka uleule wa 1969 Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Kezilahabi, aliyehitimu hapa 1970, akatoa Rosa Mistika 1971. Jiulize ni lipi kati ya hayo limefika mpaka sekondari za mikoani. Jarida lililozungumzia wakulima na wafanyakazi halikuandikwa kwa lugha yao. Simdharau mtu, lakini tukirithi moto wao tusirithi na hilo.

Ninachosema ni hiki: tuache kuwaabudu, na tuache kujidharau. Kusema "kizazi chetu hakisomi" ni kisingizio kitamu, maana kinampa kila mmoja ruhusa ya kutofanya kitu. Ubishi upo, nausikia kila jioni kwenye vimbweta. Tatizo unaishia hapohapo, au unazama kwenye grupu la WhatsApp chini ya vichekesho mia mbili. Cheche tunaijua kwa sababu ilikaa kwenye karatasi, na kwa sababu Hirji alikusanya kumbukumbu zake katika kitabu kilichotoka 2010. Kitafuteni. Sisi miaka 50 ijayo watatukuta wapi?

Woga naujua. Mkopo, sapu, disko, na wazazi wanaokusubiri nyumbani. Lakini na wao walikuwa na cha kupoteza, wakapoteza jarida lao.

Watatu wanatosha. Kurasa nane, Kiswahili, jina lako chini ya ulichoandika. Mimi wa kwanza, natafuta wawili.

Naomba kuwasilisha.