Hesabu za umeme wa ushirika zitengwe na za duka

Mwanachama yeyote wa chama cha ushirika anaijua hali hii. Siku ya mkutano mkuu mhasibu anasimama na kusoma mapato na matumizi. Mashine ya kukoboa imepata hasara, duka la pembejeo limepata faida kidogo, lori limekula dizeli nyingi kuliko mwaka uliopita, na mwishoni inasomwa jumla moja. Mkulima akiinua mkono na kuuliza ni biashara ipi hasa iliyomeza fedha, anajibiwa kwamba fedha zote ni za chama. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii kujua afunge nini na aendeleze nini.

Jambo hilo huwa zito zaidi pale chama chenyewe kinapokuwa ndicho kinachouza umeme. Mwanachama asiyeridhika na duka la chama anaweza kununua mbolea kwa mfanyabiashara mwingine sokoni. Kwa umeme hana pa kwenda. Waya unaoingia nyumbani kwake ni mmoja, mita ni moja na bili ni moja. Hasara yoyote ya biashara nyingine ikichomekwa ndani ya bili hiyo, atailipa kila mwezi bila kujua, na asipolipa anakatiwa umeme.

Ni kwa sababu hiyo yale yanayofanyika nchini Ufilipino yanastahili kuangaliwa na wakulima na wafanyabiashara wadogo wa huku. Ufilipino ina vyama vya ushirika vya umeme karibu 120, na sehemu kubwa ya vijiji vya nchi hiyo hupata umeme kupitia vyama hivyo. Mpango huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, ukiiga ushirika wa umeme wa wakulima wa huko. Vyama viwili vilikuwa vya majaribio, kimoja Misamis Oriental katika kisiwa cha Mindanao na kingine kaskazini mwa Negros Occidental, mkoa wa mashamba ya miwa. Mwaka 1969 Serikali iliunda shirika la kusimamia usambazaji umeme vijijini, na kufikia miaka ya 1970 vyama vilikuwa vimeenea visiwani kote.

Kwa miaka mingi vyama hivyo viliendeshwa kama duka la familia. Chama kilinunua umeme kwa jumla kutoka shirika la Serikali, kikausambaza, kikasoma mita, kikakusanya fedha, na vingine vikafanya shughuli za pembeni. Bei iliyomfikia mteja ilikuwa namba moja kwa kila uniti. Ndani ya namba hiyo mlikuwa na gharama ya umeme wenyewe, nguzo, mishahara, umeme uliopotea njiani au kuibwa, na mengine ambayo mteja hakuyaona.

Mabadiliko yalikuja Juni 2001, Rais Gloria Macapagal-Arroyo aliposaini sheria ya kurekebisha sekta ya umeme. Sheria hiyo iliigawa sekta katika mafungu manne, yaani kuzalisha, kusafirisha, kusambaza na kuuza. Kuzalisha na kuuza kukawekwa kwenye ushindani. Kusafirisha na kusambaza, ambako haiwezekani kujenga nyaya mbili kando ya barabara moja kwa ajili ya ushindani, kukabaki chini ya mdhibiti, Tume ya Kudhibiti Nishati ya nchi hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama ERC. Aidha, madeni ambayo vyama vilikuwa navyo kwa Serikali kutokana na mikopo ya kusambaza umeme vijijini yalihamishiwa kwenye shirika la umma, kwa sharti kwamba nafuu hiyo ionekane kwenye bei anayotozwa mwanachama.

Kifungu cha 36 cha sheria hiyo ndicho kinachohusika hapa. Kinamtaka kila mshiriki katika sekta, vikiwemo vyama vya ushirika, atenganishe bei zake na pia shughuli zake za biashara kufuatana na mafungu hayo. Kutenganisha bei kulikuja mapema. Bili ya mteja wa Ufilipino ikaanza kuonyesha mstari wa umeme ulionunuliwa, mstari wa kusafirisha, wa umeme unaopotea, wa kusambaza, wa huduma kwa mteja, wa mita, na ule wa kuwasaidia watumiaji wadogo. Bili ilikuwa ndefu na wengi waliilalamikia, lakini kila peso ilikuwa na jina lake.

Kutenganisha shughuli zenyewe ni kazi ngumu zaidi, na ndiko idhini ya mdhibiti inakohitajika. Chama hupeleka ERC mpango wa kutenganisha biashara zake, pamoja na mwongozo wa hesabu unaoeleza namna gharama zinavyogawanywa. Si lazima chama kivunjwe na kuwa makampuni manne. Kwa chama cha kawaida kinachotakiwa ni kila shughuli kuwa na daftari lake, mali zake zilizoorodheshwa, mapato yake na gharama zake, na zikaguliwe. Huduma moja ikiiuzia nyingine kitu, iuze kwa bei inayoeleweka kama vile inamuuzia mtu baki. Maombi yanayogusa mifuko ya wateja hayapelekwi kimyakimya pia. Nakala hukabidhiwa halmashauri ya eneo husika, tangazo hutolewa gazetini, na mwananchi anaweza kujitokeza kupinga.

Ugumu wake unaonekana kwenye mambo madogo. Chukulia gari la chama linalotoka asubuhi kwenda kuinua nguzo iliyoanguka, na mchana linapita mjini kubeba friji na feni za kuuzwa katika duka la chama. Dizeli ya siku hiyo iandikwe wapi? Meneja anayesimamia vyote viwili, mshahara wake ukatwe vipi? Ofisi anayolipia bili mwanachama, na pembeni kuna kaunta ya mikopo midogo, kodi yake ni ya nani? Kanuni isipokuwepo, jibu linakuwa lile la kila siku: iandikwe kwenye umeme, kwa kuwa umeme una fedha. Huo ndio mwanzo wa biashara moja kubebwa na nyingine.

Gharama ya kubebana huko inaweza kuonekana ndogo. Chukulia chama chenye wanachama 30,000 na duka linalopata hasara ya peso milioni tatu kwa mwaka. Hiyo ni peso 100 kwa kila mwanachama. Hakuna atakayeandamana kwa peso 100. Lakini mwenye mashine ya kukoboa mpunga hatozwi kwa kichwa, anatozwa kwa uniti. Yeye, mwenye chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki na mwenye karakana ya kuchomelea ndio watakaobeba sehemu kubwa, kwa sababu ndio watumiaji wakubwa. Na muuza vyombo vya umeme aliye ng'ambo ya barabara, anayeshindana na duka la chama kwa mtaji wake mwenyewe, anajikuta analipa bili inayomsaidia mshindani wake kuuza kwa bei ya chini. Huyo ana haki ya kulalamika kuliko wote.

Sheria ya Ufilipino haikukataza shughuli za pembeni, na hapo iliona mbali. Kifungu cha 26 kinamruhusu msambazaji kufanya biashara inayohusiana na kazi yake ili mali zake zitumike vizuri. Nguzo iliyokwisha simikwa kwa fedha za wateja inaweza kukodishwa kwa kampuni ya televisheni ya nyaya. Lakini sehemu ya faida inayotokana na mali hizo, isiyozidi asilimia 50, itumike kupunguza tozo ya kusambaza umeme. Kila biashara iwe na hesabu zake, fedha za umeme zisiibebe biashara nyingine kwa namna yoyote, na nyaya na transfoma zisiwekwe rehani kwa ajili yake. Kwa lugha ya shambani, ng'ombe wa chama akikodishwa kulima kwa jirani, waliomnunua nao waone sehemu ya ujira, na asiwekwe dhamana kwa deni la baa.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya vitabu tu. Waulize wakazi wa mkoa wa Albay. Chama cha umeme cha huko kilikuwa kimelimbikiza deni la mabilioni ya peso kwa waliokiuzia umeme, na Julai 2013 mkoa ukakatiwa. Mfanyabiashara aliyelipa bili yake kila mwezi bila kukosa alikaa gizani sawa na yule aliyejiunganishia kwa wizi. Mwaka uliofuata uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, ambao nao ulivunjika mwaka 2022. Deni la Albay lilikuwa na sababu nyingi na si haki kulibebesha suala la hesabu peke yake. Lakini mwanachama anapolipa mstari wa umeme ulionunuliwa, anatarajia fedha hiyo imfikie aliyeuuza. Daftari lililotengwa humwonyesha mapema kama inafika au inaishia njiani.

Hata hivyo, wanaolalamikia utaratibu huu nao wana hoja. Chama kidogo cha kisiwani chenye wahasibu wawili kinatakiwa kuandaa miongozo inayofanana na ya kampuni kubwa ya jijini Manila. Kinalipa mwanasheria, mkaguzi na tangazo la gazeti. Gharama hizo zote, mwisho wa safari, zinamrudia mwanachama yuleyule aliyekusudiwa kulindwa. Wala utenganishaji haujashusha bei peke yake. Umeme wa Ufilipino umeendelea kuwa miongoni mwa ulio ghali barani Asia, kwa sababu bei hufuata zaidi gharama ya makaa, mafuta na gesi kuliko uzuri wa madaftari. Anayewaahidi wanachama kwamba hesabu zikitengwa bili itashuka mwezi ujao anawadanganya. Faida yake ni nyingine: bili ikipanda, inajulikana ni kipande gani kilichopanda na nani wa kuulizwa.

Suluhisho si kuwaachia wadogo wafanye watakavyo, kwani kwenye chama kidogo ndiko kubebana kunakoumiza zaidi. Ni kuwapa fomu rahisi. Daftari moja la nyaya, moja la mauzo ya umeme, moja la biashara nyingine zote, na kanuni tatu au nne za kugawa mshahara, gari na jengo. Kwa chama chenye biashara mbili inatosha kabisa.

Kwa Tanzania suala hili si geni kama linavyoweza kuonekana. Urambo, mkoani Tabora, watumiaji waliunda chama chao cha ushirika cha umeme na kuanza kuwasha jenereta za dizeli mwaka 1994, wakati wilaya nyingi hazikuwa na ndoto ya gridi. Wilayani Mufindi, mradi wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2012, ukiuza kwa TANESCO, kwa kiwanda cha chai na kwa vijiji vya jirani. Huo si wa ushirika, lakini unaonyesha jinsi mzalishaji mmoja anavyoweza kuwa na wateja wa aina tatu kwa bei tofauti. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 nayo inazitaja kuzalisha, kusafirisha, kusambaza na kuuza kama shughuli mbalimbali, na leseni zake ziko mikononi mwa EWURA, ingawa miradi midogo isiyofika megawati moja ilipewa msamaha wa leseni ili isikwamishwe na makaratasi.

Msamaha huo ni wa busara. Lakini una pengo, na pengo hilo linaangukia hasa vyama vya ushirika. Chama cha wakulima wa mazao kikiamua kuweka mtambo mdogo wa maji au wa jua, kikajiwashia mashine zake na kuwauzia majirani, kitakuwa na mabwana wawili. Kwa upande wa ushirika kinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na kukaguliwa na COASCO, ambao wataangalia chama kizima. Kwa upande wa umeme kiko chini ya EWURA, ambayo kazi yake ni umeme. Korosho, pembejeo na kinu cha kusaga vikikutana na umeme kwenye akaunti moja ya benki, kila bwana anaweza kudhani mwenzake ndiye anayeangalia mpaka uliopo kati yake.

Vyombo hivyo vinaweza kulimaliza jambo hili bila kusubiri sheria mpya. EWURA itoe fomu fupi ya kugawa gharama kwa chama chochote kinachouza umeme pamoja na bidhaa nyingine, na mkaguzi wa COASCO aijaze mbele ya wanachama anapokuja na ukaguzi wake wa kila mwaka. Chama kinachoomba mkopo wa kujenga mtambo kianze na fomu hiyo kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa, kwa sababu kutenganisha fedha zilizokwisha changanyika kwa miaka kumi ni kazi ambayo hata vyama vya Ufilipino, vyenye wanasheria na wakaguzi wao, vimeiona ngumu.