Jina Letu Mnalipeleka Wapi?

Kila mavuno yakiisha, sisi watu wa ngoma wa Shinyanga na Geita tunaingia uwanjani. Vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, vinagombea watazamaji, wacheza bugobogobo wanarusha majembe, bayeye wanacheza na chatu. Na kila msimu vijana wa kamera wanakuja. Wanarekodi, wanashukuru, wanaondoka. Baada ya siku chache tunajiona kwenye simu za watu Katoro na Kahama, chini pameandikwa “ngoma ya Wasukuma”. Wasukuma wote hao? Aliyeimba ana jina, na kikundi chake kina jina.

Tena manju wetu, ningi, hujitaja mwenyewe ndani ya wimbo: jina lake, baba yake, kijiji chake. Mkata video anakata hapohapo, anabandika jina la chaneli yake. Mwingine kaichukua sauti ya mzee wa watu kaitia kwenye tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Sasa wajukuu wanamcheka.

Ukilalamika unajibiwa, “Mzee, hizo ni za asili, hazina mwenyewe.” Haya, wimbo ni wa mababu. Na koo lililouimba Jumamosi ile, nalo ni la mababu?

Kumbe wakubwa wa dunia walishayajua haya. Mkataba wa Roma wa 1961 ulimlinda msanii asirekodiwe bila ridhaa yake, lakini kuhusu jina ukanyamaza. Mwaka 1996 mkataba wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) uliopitishwa Geneva ukampa mwimbaji haki mbili: atajwe, na aweze kukataa kazi yake ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Hata waimbaji wa nyimbo za jadi wamo. Ila ulihusu sauti tu. Mwimbaji akapata, mcheza chatu akaambiwa asubiri. Akasubiri mpaka Mkataba wa Beijing wa 2012, uliompa naye haki hizo, nao ukaanza kutumika Aprili 2020. Na bado wameacha mlango wa uani: jina laweza kuachwa pale namna ya matumizi inapolazimu. Tunawajua watu wetu. Kwao kila matumizi yatalazimu.

Nyumbani tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Inampa mtunzi haki ya kutajwa na ya kuzuia kazi yake isiharibiwe. Vizuri. Lakini anayeruka na chatu shingoni pale Nyarugusu hajatunga kitu, yeye kacheza. Nani atamweleza adai nini, na aanzie mlango gani?

Dhahabu ya Geita, tangu soko la madini lifunguliwe Machi 2019, inapimwa, inaandikwa, na muuzaji wake anajulikana. Sauti ya mtu inaondoka kijijini bila kuandikwa popote.

Msidhani ni fedha tu, ingawa fedha nazo tunazitaka. Ngika, mwanzilishi wa Bagika, alicheza enzi za mababu, na mpaka leo wafuasi wake wanatembea na jina lake. Sisi tunarekodiwa mchana kweupe, kwa kamera za bei mbaya, halafu tunakuwa “wasanii wa asili”.

Basi msimu ujao, anayekuja na kamera aje na kalamu pia. Aandike jina la manju, la kikundi na la wachezaji, atusomee tulivyoandikwa, ndipo tupige ngoma.