Magoti ya Mama na Kopo la Kolajeni

Mama akishindwa kuinuka kutoka kwenye sijida pasi na kushika ukuta, mwanawe aliye ughaibuni humletea kopo la kolajeni. Zawadi njema, lakini, dada zangu, someni kibandiko kwanza. Kolajeni, na jelatini ipatikanayo kwayo, hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na ngozi ya nguruwe ni miongoni mwa malighafi zake kuu. Hata palipoandikwa ng’ombe, swali la kuchinjwa hubaki. Tafuteni alama ya halali, au iliyotokana na samaki. Na ganda la kidonge, nalo mara nyingi ni jelatini!

Nafuu yake ni ndogo. Tumbo huimeng’enya kama protini nyinginezo. Haiendi moja kwa moja gotini. Baadhi ya wenye magoti yaliyolika hupungukiwa maumivu kiasi wakitumia takriban gramu 10 kila siku kwa miezi kadhaa, ila gegedu iliyokwisha hairudi.

Supu ya miguu ya mbuzi, ile inayoganda ikipoa, ina jelatini hiyo hiyo, na mchinjaji wake twamjua. Kamulieni ndimu mezani, kwani mwili hauundi kolajeni bila vitamini C. Goti likivimba na kuwa moto, mama apelekwe kwa daktari. Na kwa sasa awekewe kiti aswalie.