Nani Huamua Njia ya Simu Iliyomo Nyumbani Mwako?

Katika nyumba nyingi za Kampala, toka Ntinda mpaka Kansanga, na hata katika makao ya askari wetu na jamaa zao, kimeingia kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta kiitwacho ruta. Mwenye nyumba ndiye alipaye gharama, ndiye achaguaye neno la siri, naye hudhani kwamba amri aitoayo kwa kisanduku hicho itatiiwa na kila chombo kilichomo ndani. Zamani dhana hiyo ilikaribia kuwa sahihi. Leo si sahihi tena, na mtu ambaye kazi yake ni ulinzi ana haki ya kuelezwa sababu.

Tuanze na jambo lenyewe. Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa tarakimu. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu uitwao DNS, ambao kwa huo jina lililoandikwa na binadamu hugeuzwa kuwa tarakimu zieleweka­zo na mashine. Kabla simu haijafungua ukurasa wo wote, kwanza huiuliza seva fulani: jina hili anwani yake ni ipi? Askari ataelewa upesi tukiifananisha seva hiyo na kota gadi. Kila atokaye hupita hapo na kutaja aendako. Mwenye kushika daftari la langoni ajua safari za kambi nzima, na akitaka aweza kumzuia mtu asipite.

Ndiyo maana wazazi wengi, na wakuu wa ofisi vilevile, wamependa kuchagua wenyewe seva ya DNS. Iko, kwa mfano, ile ya kampuni ya Cloudflare yenye anwani 1.1.1.3, iliyotolewa Aprili 2020, ambayo hukataa kujibu maswali juu ya kurasa za uchafu na zile zenye programu za hila. Baba huandika tarakimu hizo katika ruta mara moja tu, akalala usingizi.

Walakini vyombo vimejifunza kupita uani. Kundi la kwanza ni vile vilivyoundwa kiwandani vikiwa na anwani ya seva yao ndani. Kampuni ya Google ilifungua seva yake ya 8.8.8.8 mnamo Desemba 2009, na vyombo vyake vya Chromecast, vichomekwavyo katika televisheni, vimejulikana kwa muda mrefu kuwa huiuliza seva hiyo bila kujali ruta imeagiza nini. Huyu ni sawa na askari arukaye ua. Lakini angalau aonekana: swali lake husafiri wazi, kwa mlango wa 53, na ruta iliyo nzuri yaweza kumkamata na kumrudisha langoni pasipo mwenyewe kujua.

Kundi la pili ni gumu zaidi. Mwaka 2016 wataalamu wa intaneti walitoa kanuni ya kuyafunga maswali ya DNS kwa maandishi ya siri, yapite mlango wa 853. Mnamo Oktoba 2018 wakatoa nyingine, ambayo huyatia maswali hayo ndani ya msafara wa kawaida wa kurasa salama, katika mlango wa 443. Hapo ndipo kota gadi alipopofuka. Mbele yake hupita malori elfu yaliyofunikwa turubai, yote yakifanana, na hawezi kuyazuia yote kwa kuwa mengi yamebeba posho ya kambi. Kivinjari cha Firefox kilianza Februari 2020 kuwapelekea watumiaji wake wa Marekani maswali yao kwa Cloudflare, iwe ruta yao imeagiza hivyo au sivyo. Chrome nayo, toka Mei 2020, ilifuata njia ya upole zaidi: huangalia kwanza ni seva ya nani iliyochaguliwa, na kama mwenye seva hiyo ana huduma ya siri, huitumia hiyo hiyo. Tofauti hii si ndogo. Mmoja amefunga barua katika bahasha. Mwingine amebadilisha na posta.

Yafaa tuwe waadilifu kwa wale waliobuni mambo haya, maana hawakukosa sababu. Mnamo Novemba 2011 wapelelezi wa Marekani, wakisaidiana na polisi wa Estonia, walifichua genge lililokuwa limebadilisha DNS katika kompyuta zipatazo milioni nne, katika nchi zaidi ya 100. Mtu aliandika jina la haki akapelekwa mahali pa uwongo, na genge likavuna dola milioni 14 kwa matangazo. Swali lisafirilo wazi laweza kusomwa na kugeuzwa na ye yote aliye njiani: mwizi, mwenye mkahawa, hata kampuni ya simu. Bahasha ni kitu chema. Kosa, kwa maoni yetu, limo katika kumchagulia mwenye nyumba posta bila kumwuliza. Ubishi huo ulikuwa mkali hata Uingereza, ambako Julai 2019 chama cha makampuni ya intaneti kiliipendekeza Mozilla, mwenye Firefox, kwa cheo cha dhihaka cha mhalifu wa intaneti wa mwaka, kisha kikaondoa pendekezo hilo baada ya kulaumiwa.

Hapa kwetu jambo hili lilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa. Tarehe 1 Julai 2018 ikaanza tozo ya OTT, shilingi 200 kwa siku. Januari 2021 mitandao ikafungwa tena, kisha intaneti nzima kwa siku kadhaa. Kila mara wananchi walikimbilia VPN, na desturi hiyo haikukoma tozo ilipoondolewa Julai 2021. Sasa VPN haichukui ujumbe peke yake. Huchukua na maswali ya DNS. Simu yenye VPN haiulizi tena ruta ya nyumbani neno lo lote. Hivyo kijana aliyeitia programu hiyo ili kukwepa shilingi 200 aliuvunja pia ulinzi wa baba yake, huenda bila kukusudia.

Na VPN ya bure ni ya nani? Kampuni ya Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013 na kuwapa watu programu yake kama ngao ya siri zao, kumbe ilitumika kuwachungulia waitumiao ili kampuni ijue programu gani nyingine zinapendwa. Iliondolewa katika duka la Apple Agosti 2018, na mnamo Julai 2023 mahakama ya Australia iliyatoza makampuni ya Facebook faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo.

Kwa askari hili si porojo la wauza kompyuta. Daftari la maswali ya nyumba moja laonyesha familia huamka saa ngapi, hutumia benki gani, imeulizia zahanati ipi, na siku gani nyumba imenyamaza kwa kuwa mwenyewe yuko zamu mbali. Mpelelezi wa polisi naye ajihadhari: daftari la ruta lisilo na jina fulani halithibitishi kwamba jina hilo halikutembelewa. Shirika la usalama la Marekani, NSA, lilitoa mwongozo Januari 2021 likizitaka ofisi zitumie seva ya DNS iliyoteuliwa tu, na kuzifunga nyingine zote, hata zile za siri.

Nyumbani kazi hiyo yawezekana kwa kiasi. Ruta iagizwe kurudisha kila swali la mlango wa 53 na kufunga ule wa 853. Katika simu za Android, toka toleo la 9, pana sehemu ya DNS ya faragha. Humo baba aweza kuandika jina la seva anayoiamini, nayo itafuatwa hata simu itokapo nje ya nyumba. Firefox ina ishara yake: seva ya nyumbani ikijibu kwamba jina use-application-dns.net halipo, kivinjari hakitajibadilisha chenyewe. Lakini aliyeiwasha huduma hiyo kwa mkono wake, ishara haimhusu. Mlango wa 443 haufungiki; hubaki kuzuia anwani za seva zijulikanazo, moja baada ya moja, na mpya huzaliwa kila mara.

Tena kumbuka kwamba nyumba nyingi za Kampala hazina ruta. Kila mtu ana bando lake mfukoni, na simu ya mtoto yenye bando lake haipiti langoni kwa baba hata mara moja.